Shangazi, nimeshindwa kuomba. Je, ndiyo maana mwanangu anaumwa?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 31, naishi Mwanza, nauza dagaa sokoni. Nakuandikia usiku kwa sababu mtoto amepata usingizi na mimi umenikimbia.

Mwanangu wa kiume ana miaka 6 na ana seli mundu, ule ugonjwa wa damu. Aligundulika akiwa na mwaka mmoja na nusu, vidole vya mikono na miguu vilipovimba, akawa hawezi hata kushika kijiko. Kabla yake nilikuwa na binti. Alifariki na miaka 2 kwa homa ya siku moja tu. Asubuhi tulimpeleka akiwa anaongea, jioni tukarudi naye amefunikwa khanga. Hakuna aliyetuambia alikuwa na nini. Tuliambiwa kazi ya Mungu haina makosa, tukazika.

Huyu wa sasa maumivu humjia usiku. Ananiamsha: "Mama, nikande." Nachemsha maji, nayapooza, najaza kwenye chupa ya soda, naizungushia khanga naiweka kwenye goti. Goti likitulia, mgongo unaanza. Juzi katikati ya kilio akaniuliza, "Mama, Yesu amelala?" Nadhani ni ile hadithi ya dhoruba waliyofundishwa shule ya Jumapili. Sikuwa na la kumjibu.

Sasa nikueleze kinachonitafuna. Mwaka jana mama anayeongoza kikundi chetu cha maombi, mtu ninayemheshimu sana, aliniambia ameonyeshwa madhabahu ya ukoo upande wa kwetu, na kwamba ndiyo inayodai watoto wangu. Nilifunga siku 7. Nikatoa sadaka ya kuvunja laana, shilingi 150,000, pesa ya kikoba ambayo mpaka leo nadaiwa. Halafu akasema huwezi kumwomba Mungu amponye mtoto huku umeshika vidonge, kwamba huko ni kuwa mtu wa nia mbili. Nikaacha dawa. Sikuwa na moyo wa kuzitupa, nikazificha kwenye kopo la unga.

Wiki ya tatu alishikwa na homa, macho yakawa ya njano kama kiini cha yai. Tulilazwa siku 9, akaongezewa damu. Daktari aliuliza kama dawa anatumia kila siku. Nikasema ndiyo. Nilidanganya, Shangazi, mbele ya mume wangu, na mtoto akiwa na sindano mkononi.

Tuliporudi kanisani niliambiwa imani yangu ilitikisika mwishoni, ndiyo maana adui alipata mlango. Mama mkwe anasema kwao ugonjwa huu haupo, nimeuleta mimi. Mume wangu hasemi kitu. Ni fundi wa mitumbwi. Akitoka kazini anakaa nje kwenye kigoda mpaka saa 5 usiku, na kupima hataki kusikia.

Tangu tutoke hospitali sijaweza kuomba. Nikipiga magoti inatoka hasira tupu. Jumapili naimba na wenzangu kwa mdomo tu. Wananisifu eti mama huyu ana uvumilivu, na mimi najua ndani hamna kitu. Je, kumkasirikia Mungu ni dhambi? Na kama imani yangu ni ndogo, mwanangu anaumwa kwa sababu yangu?

Mama aliyechoka, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu. Pole. Na pole ya binti yako pia, kwa maana naona katika barua nzima umempa mistari michache, kama mtu anayeogopa kupagusa.

Nianze na kopo la unga, mengine yatasubiri. Vidonge vilivyokaa humo usimpe. Rudi naye kliniki wiki hii, upewe vingine, na umwambie daktari ukweli kwamba mtoto alikaa wiki 3 bila dawa. Najua unaogopa kufokewa, na huenda ukafokewa kidogo. Nimekuwa muuguzi wa wodi ya watoto mpaka nilipostaafu, na nakwambia habari hiyo si ngeni masikioni mwetu. Anayejua mtoto aliachishwa dawa atamrudishia dawa. Asiyejua anaweza kudhani dawa zimeshindwa kazi, akabadilisha kisichohitaji kubadilishwa. Kwa hiyo uongo ule usiuache ukalala ndani ya faili la mtoto.

Sasa hiyo laana. Unajua khanga huuzwa doti, vipande viwili. Kila mmoja wetu ana doti yake ya ile sehemu ya asili inayotengeneza damu, na anapozaa humpa mtoto kipande kimoja tu, mwenzake naye kimoja. Mwanao ana seli mundu kwa sababu amepata kipande chenye kasoro kutoka kwako na kingine kutoka kwa baba yake. Ugonjwa huu haswa, ambao vipande vyote viwili ni vya seli mundu, hautoki upande mmoja. Mama mkwe anaposema kwao haupo, anachoweza kusema kweli ni kwamba hajaona aliyeumwa, kwa sababu mwenye kipande kimoja kwa kawaida haumwi wala hajijui. Mkiwa nyote wawili mna kipande kimoja, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mwenye ugonjwa. Kila mimba, si kwamba akiumwa mmoja basi watatu wanaofuata wamepona. Hilo mlijue kabla ya kufikiria mtoto mwingine.

Na kuna jambo ambalo ningependa limfikie yule mama wa maono. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kutokana na utafiti wake huku kwetu Afrika Mashariki kwamba mtoto mwenye kipande kimoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana hali hii imejaa mahali ambapo mbu wamekaa karne na karne, kandokando ya ziwa lenu na huku pwani. Tanzania tunakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 kila mwaka wanaozaliwa na ugonjwa wenyewe. Maana yake, hicho kipande kinachoitwa laana ya ukoo ndicho kilichowavusha baadhi ya babu zenu kwenye malaria, wakaishi, wakazaa, na ninyi mkapatikana. Gharama yake inawaangukia watoto wanaokutwa na viwili. Inauma, lakini madhabahu haimo.

Nilikuwa nikisoma barua yako nikakumbuka Yohana sura ya 9. Wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, na mbele yake mwenyewe, maana masikio alikuwa nayo, wanauliza: "Ni yupi aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake, hata azaliwe kipofu?" Swali ni lilelile uliloulizwa wewe. Jibu la Yesu: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Wala wazazi wake, mwanangu. Sentensi hiyo isome kwa sauti, ikibidi uisome umesimama jikoni. Wengi hukimbilia muujiza unaofuata wakairuka.

Kuhusu vidonge na nia mbili, nakutajia kisa kimoja tu, kwa sababu mimi kama muuguzi nakipenda. Mfalme Hezekia aliugua jipu akakaribia kufa. Aliomba, akalia, Mungu akamjibu kupitia nabii Isaya kwamba atapona na ataongezewa miaka 15. Ahadi imeshatoka, tena kinywani mwa nabii. Kisha huyo huyo Isaya akaagiza zichukuliwe tini, wakaziweka juu ya jipu. Ni 2 Wafalme 20. Hakuna aliyemwambia Hezekia kwamba tini zile ni upungufu wa imani.

Kwa hiyo dawa za kila siku anywe. Ile dawa ya seli mundu iitwayo haidroksiyurea, kama daktari wake ataona inamfaa, iliwahi kufanyiwa utafiti kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, matokeo yakachapishwa 2019: maumivu yalipungua, haja ya kuongezewa damu ikapungua, hata malaria ikapungua. Inataka kupimwa damu mara kwa mara, usiianze wala kuiacha kwa shauri la jirani. Maji anywe mengi, alfajiri ya baridi ya ziwani avae sweta, alale kwenye chandarua. Chupa yako ya uvuguvugu ni sahihi kabisa, endelea nayo, na dawa ya maumivu uliyoandikiwa mpe mapema, usingoje alie. Lakini homa, hata ya saa mbili, au kupauka ghafla, tumbo la kushoto kuvimba, kupumua kwa shida, mkono au mguu kulegea: hospitali, saa hiyohiyo. Mkesha wa maombi wafanye wengine wakati wewe uko njiani na bodaboda. Watoto hawa bandama zao huharibika mapema, na vijidudu vikiingia kwenye damu huenda mbio kuliko sisi.

Ndiyo maana homa ya siku moja inaweza kumchukua mtoto. Siwezi kumpima aliyekwisha kulala, lakini nikitazama mdogo wake, nadhani binti yako naye alikuwa nayo, na hakuna aliyekuwa amempima. Ulimpeleka asubuhi. Ulifanya ambacho mama hufanya.

Sasa maombi. Unasema hasira tupu. Mtoto wako amekushinda kwa Biblia, mama. Swali lake la Yesu amelala limo katika Marko sura ya 4. Mawimbi yanaingia chomboni, na Yesu yuko kwenye shetri, yaani nyuma ya chombo, amelala juu ya mto. Na wale hawakuwa wageni wa maji, kadhaa wao walikuwa wavuvi, kama watu wa kwenu wanaojua dhoruba ya ziwa ilivyo ya ghafla. Walimwamshaje? "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Sikia ukali wa maneno hayo. Si sala ya kufungua ibada. Ni lawama, ni kumwambia mtu usoni kwamba hujali. Naye, kama Marko anavyosimulia, aliamka akaukemea upepo kwanza. La imani aliwauliza baadaye, maji yakiwa yameshatulia. Watu wa kikundi chako wamegeuza mpangilio: wanakukagua imani wakati mtumbwi unajaa maji.

Kwa hiyo ukipiga magoti ikatoka hasira, iache itoke. Usiifunike na "asante Bwana" usiyoimaanisha. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inamalizikia gizani, haina mstari wa kushangilia mwishoni kama nyingine, na bado wazee waliiweka katika kitabu cha nyimbo za ibada. Siku ambayo huna maneno, isome hiyo ukalale. Siku nyingine huna hata nguvu ya kufungua kitabu, basi ile kazi ya saa 8 usiku, kuchemsha maji na kukanda goti, naomba uiamini kwamba nayo inasikika.

Nikwambie na aibu yangu. Miaka mingi iliyopita, zamu ya usiku, mtoto wa miaka 4 alitukatikia mikononi. Mama yake alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani. Nikamshika bega nikamwambia, kama tulivyozoea, "Mungu amempenda zaidi." Akaniinulia macho: "Sista, na mimi nilimpenda." Sikuwa na jibu mpaka leo. Tangu usiku ule nikiona mtu amefiwa huleta uji, hukaa, hunyamaza. Marafiki wa Ayubu walikaa naye siku 7 bila kusema neno, na kwa maoni yangu hizo ndizo siku walizomsaidia. Walipofungua midomo ndipo wakaharibu, na mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia wao kwa walivyomsema. Ayubu, aliyelalamika kurasa na kurasa, ndiye aliyewaombea.

Hapo pia kuna huo uvumilivu wanaokusifia. Wewe ni mwanamke wa Kanda ya Ziwa, umebeba maji tangu utotoni. Ndoo kubwa iliyojaa hujitwishi mwenyewe. Unaweka ngata kichwani, unainama, mwenzako anakutwisha, na ukifika mwingine anakutua. Anayejitahidi peke yake hujimwagia, au shingo ikateguka. Kanisa lako limekuwa likikupigia makofi njiani na hakuna anayekutua. Paulo aliwaandikia Wagalatia "mchukuliane mizigo", na hapo sioni makofi.

Basi uwaombe, kwa jina la kitu chenyewe. Chagua watu wawili, si kikundi kizima. Mmoja mwambie, "Jumanne mtoto ana kliniki, nikalie kwenye meza yangu sokoni." Mwingine, "Akilazwa tena, nenda benki ya damu uchangie." Hapo utajua nani ndugu yako katika Bwana. Ukifika hospitali uliza ofisi ya ustawi wa jamii kuhusu gharama. Usione haya, wapo kwa kazi hiyo.

Yule kiongozi wa kikundi sitaki umchukie, huenda naye aliyasema kwa kuamini. Lakini pesa nyingine usimpe, hata shilingi. Aliyeombewa bure kule Galilaya hakudaiwa kikoba. Mwendee mchungaji mwenyewe, mweleze mambo mawili tu: niliambiwa niache dawa, mtoto nusura afe. Akishtuka, akachukua hatua, baki. Akikwambia naye kwamba imani ndiyo iliyopungua, hama. Mungu hakai kwenye kanisa moja la Mwanza tu, na mimi sipendi kuwashauri watu kuhamahama, lakini hapo nashauri.

Limebaki la mume wako. Umeniandikia kwamba hasemi, nami nakuomba umtazame vizuri pale kwenye kigoda. Amezika binti, nusura azike na mwana, na mama yake anamnong'oneza kwamba mke ndiye chanzo. Akipima, ataambiwa na yeye amechangia. Mtu wa namna hiyo hukaa nje hadi saa 5. Usimpelekee majibu ya kuonyesha nani mkosaji, maana hayupo. Usiku mmoja toka na wewe, beba kigoda chako, kaa naye, usiseme habari za kipimo. Mtaje binti yenu kwa jina lake. Nadhani jina hilo halijatamkwa nyumbani kwenu siku nyingi. Kisha safari ya kliniki mwombe awasindikize, ambebe mtoto, na daktari mwombe awaeleze wote wawili hiyo habari ya vipande viwili. Wanaume wengi waliokataa kupima kwa kuambiwa na mke nimewaona wakikunja mkono wa shati wenyewe daktari alipomaliza kuchora.

Na mtoto akikuuliza tena kama Yesu amelala, mwambie katika ile hadithi kweli alikuwa amelala, na waliomo chomboni walimwamsha kwa kelele, hakuwafukuza. Mwambie naye apige kelele. Akinyamaza, wewe endelea kukanda.

Niandikie baada ya kliniki. Nataka kujua uzito wa mtoto, kiwango cha damu yake, na kama baba yake aliingia chumba cha daktari au alibaki kwenye benchi.

Shangazi